Jino la Kazi la Fundi Mawimbi

Wengi wetu tuna meno ya kutafunia na meno ya kuchekea. Fundi Mawimbi alikuwa na la tatu, jino la kazi. Lilikuwa jino la chonge, juu, upande wa kushoto, na kwa miaka kumi na moja lilikuwa koleo lake na kisu chake. Alilitumia kumenya waya na kushika uzi wa risasi ya kulehemu. Skrubu ndogo iliyotaka kukimbia ilibanwa hapo mpaka ipate pa kukaa. Meno mengine mdomoni yalikuwa wageni waalikwa. Lile lilikuwa mwajiriwa.

Asili ya jambo hili ni bati. Fundi alikuwa juu ya paa la jirani akifunga antena, akakanyaga bati lililooza, akaanguka kwa mgongo kabla hajapewa hata shukrani. Shingo yake ilivunjika kwa chini, pale inapokutana na mabega. Aliporudiwa na fahamu hospitalini, jambo la kwanza aliloliuliza halikuwa kama atatembea.

"Daktari, waya umekatika au umebanwa?"

Daktari alidhani anaweweseka. Fundi akarudia swali. Ikabidi daktari avute karatasi, achore uti wa mgongo na uzi wa fahamu unaopita katikati yake, aonyeshe mahali ulipojeruhiwa. Fundi aliitazama ile karatasi kama anavyotazama mchoro wa redio ngeni. Tangu siku ile aliuelewa mwili wake kwa namna moja tu: ni nyumba ambayo vyumba vya juu vina umeme na vya chini havina. Kutoka kifuani kushuka, ungeweza kumfinya, kumchoma, kumtekenya, na asijue. Mikono ilinyanyuka na viwiko vilikunjika, ila vidole havikufumba.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," aliwaambia wateja waliomwangalia mikono kwa huruma. "Mimi ninavyo kumi, na chawa anapita akiimba."

Pasi ya kulehemu aliifunga kiganjani kwa mkanda wa ngozi. Kazi iliyobaki aliifanya kwa mdomo. Alipotaka kumenya waya aliuweka kwenye jino, akazungusha kichwa mara moja, akauvuta, na ganda la plastiki likatoka zima kama soksi. Watu walikuja na redio isiyo na ubovu wowote ili tu waone. Jina lake la kuzaliwa lilisahauliwa. Akawa Fundi Mawimbi, kwa sababu kila mteja alielezwa habari za mawimbi ya redio, atake asitake.

Mkewe alikuwa na desturi moja ambayo wageni hawakuielewa. Kila mara kabla ya kumsogeza mumewe, iwe ni kumlaza, kumgeuza au kumsukuma nje, alipitisha kiganja chini ya mapaja yake na nyuma ya kiuno chake, akipapasa. Alipopapasa alisoma matokeo kwa sauti, kama karani anayepokea mizigo.

"Skrubu mbili. Bisibisi ndogo. Ganda la karanga. Baba watoto, wewe ni kiti au duka?"

Hakuwa akitania tu. Mtu asiyesikia chini yake anaweza kukalia msumari mchana kutwa na kuamka na kidonda. Na lipo baya zaidi. Sehemu isiyosikia ikibanwa, mwili unajua ingawa mwenye mwili hajui. Presha inapanda ghafla, kichwa kinagonga kama nyundo, jasho linatiririka usoni. Isipoondolewa sababu, mtu anaweza kufa kwa kitu kidogo kama mkunjo wa soksi. Lilikuwa limemtokea mara mbili. Muuguzi aliyemzoeza maisha mapya alimwandikia kadi yenye maelezo, akaifunika kwa plastiki. Kadi ile ilikaa kwenye pochi ya mkewe, na pochi ilikaa begani mwa mkewe, na mkewe hakukaa mbali.

Sasa jino. Asubuhi moja, katikati ya waya mnene wa spika, lililia *ka*. Fundi alitema kipande cheupe mezani, akakisogeza kwa ncha ya bisibisi, akakichunguza. "Ndani ni njano," alisema kwa mshangao wa kweli. Mshangao ukaisha jioni, maumivu yalipoanza.

Alikwenda kwa daktari wa meno wa kwanza. Chumba chake kilikuwa ghorofani, na jengo lilikuwa na ngazi kumi na nne. Aliyelijenga alifikiri wenye miguu ndio pekee wenye meno. Daktari aliteremka hadi ngazi ya tatu kutoka chini, hapo akagoma, akamulika kinywa cha Fundi kwa tochi ya simu huku wapita njia wakichungulia naye. "Ling'olewe," akasema, akapanda juu. Daktari wa pili alikuwa chini, mlango mpana, sakafu safi. Huyo hakumulika hata tochi. Alitazama kile kiti cha magurudumu, akasema kwa upole, "Kwa mtu kama wewe, ya nini kuhangaika na kulitibu? Tung'oe, yaishe."

Mtu kama wewe. Watu wengi hutamka maneno hayo matatu wakidhani wanatoa huruma, kumbe wanatoa hukumu. Fundi alimjibu, "Mtu kama mimi ndiye analihitaji kuliko wewe," akaomba ageuzwe mlangoni.

Siku ishirini zikapita. Chai ya moto ilikuwa adui. Kazi zilirundikana, kwa maana upande wa kulia wa mdomo haukujua kumenya waya. Likipona, kazi ingeendelea. Likitoka, angekuwa mtu wa kueleza habari za mawimbi tu. Hatimaye mkewe alisikia habari za daktari kijana, mwanamke, aliyefungua chumba cha meno kwenye fremu ya duka la zamani, hakuna ngazi hata moja. Wakaenda kuandikisha siku.

Siku yenyewe ilianza kwa ugomvi.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameleta redio yake ya mbao, na Fundi alitaka kuimaliza kabla ya kwenda. Alifungua kile kidude cha plastiki cha mviringo cha kuongezea sauti, akakishika kwa midomo, akakiachia mapajani. Alipogeuka kukitafuta, hakipo.

"Umefagia," alimwambia mkewe.

"Nimefagia sakafu. Mapaja yako sikuyafagia."

"Basi kidude kimeota mabawa."

"Sijakiona, baba watoto."

"Katika nyumba hii mwenye ufagio ni mmoja. Na vitu vyangu vinavyopotea vinapotelea kwenye ufagio huo huo, kila siku, na haulizwi mtu."

Mkewe aliuegemeza ufagio ukutani, polepole sana. Wanaume waliooa wanaujua upole huo.

"Sawa. Kama ufagio ndio wenye makosa yote, basi ufagio ukupeleke kwa daktari." Akampigia simu kaka yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Pochi ikabaki kwenye msumari.

Kaka mtu alikuwa mwashi, mwenye mabega kama kabati na mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyejenga mteremko wa saruji mlangoni mwa Fundi. Alishika vishikio vya kiti, akakisukuma nje bila kupapasa chochote, kwa kuwa hakujua kwamba hupapaswa.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu? Ameniambia njoo uchukue mzigo."

"Mimi ndiye mzigo?"

"Hakutaja jina. Ila mizigo mingine haina domo."

Njiani shemeji alitukana kila mfuniko wa mtaro uliovunjika na kumtaja mwashi aliyeuweka. Jino lilimuuma Fundi, na alijua tangu kona ya kwanza kwamba amesema vibaya, lakini kiburi ni kama kiti chake: hakirudi nyuma bila mtu wa kukivuta.

Chumba cha meno kilikuwa na benchi la kusubiria, kabati la kioo, na kiti kimoja kikubwa cha kulalia wagonjwa chenye taa juu yake. Msaidizi wa daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimtazama Fundi, kisha akamuuliza shemeji.

"Anaumwa wapi?"

"Mimi naumwa mgongo kwa kumsukuma," alisema shemeji. "Yeye muulize mwenyewe. Mdomo anao, tena wa kutosha."

Daktari alicheka, akachuchumaa mbele ya kiti, uso kwa uso na Fundi. Jambo dogo, lakini wawili wa kwanza hawakulifanya.

"Shikamoo, mzee. Niambie."

Fundi akamwambia. Daktari akalipiga jino picha, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Fundi alisahau maumivu.

"Huo mstari mweusi katikati ni nini?"

"Ni njia ya mshipa wa fahamu. Unapita ndani ya jino hadi kwenye mzizi."

"Kumbe jino lina waya!"

"Lina waya, na wako umeoza. Ndiyo maana unaumwa."

"Na huo mzizi, umepasuka?"

"Mzizi ni mzima. Iliyovunjika ni ncha." Daktari alimgeukia. "Ninaweza kuling'oa kwa dakika kumi. Au nisafishe mzizi, nizibe, kisha nikuwekee kofia. Hiyo ni kazi ndefu. Kwa nini unalitaka sana?"

"Una waya hapa?"

Ulipatikana waya wa chaja iliyokufa. Fundi aliuweka upande wa kulia, kwa shida, akazungusha kichwa, akavuta. Ganda likatoka na vipande vitatu vya shaba pamoja nalo. "Hiyo ni kazi mbovu," alisema. "Kwa lile la kushoto usingeona mkwaruzo."

Daktari alishika kichwa. "Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na risasi ya kulehemu je?"

"Nayo hukaa hapo hapo."

"Mzee, ile ni sumu!"

"Mimi nilidhani ni ladha yangu."

Msaidizi alicheka mpaka miwani ikaruka. Daktari hakucheka. Alisema atalitibu jino kwa sharti moja, ambalo atalitaja kazi ikiisha, na Fundi akakubali kabla ya kulisikia.

Kumhamishia kwenye kiti kikubwa kulikuwa kugumu. Kilikuwa chembamba, na asingeweza kujishikilia. Shemeji ndiye aliyetoa wazo. Alilivuta benchi la kusubiria, akaliegemeza ukutani, akakilaza kiti cha magurudumu kinyumenyume hadi vishikio vikakaa juu ya benchi, akaweka mto chini ya kichwa. "Tofali hulazwa hivi," alisema, na kwa kweli kililala sawasawa, taa ikakielekea. Daktari alimpima presha: tisini kwa sitini. Akakunja uso.

"Usiogope," alisema Fundi. "Hiyo ndiyo yangu ya kila siku. Vyumba vya chini havivuti umeme mwingi."

Sindano ya ganzi ikaingia. Mashine ikaanza kunguruma, na Fundi akahesabu mizunguko yake kwa sikio, akidhani labda mota yake ni ndogo kuliko ya feni. Alikuwa akijiandaa kuuliza. Ndipo nyundo ya kwanza ilipogonga kisogoni.

Alidhani ni mashine. Nyundo ya pili ikagonga mashine ikiwa imesimama. Pua ikaziba. Jasho likachipuka kwenye paji la uso, likashuka machoni, na shingo ikamwiva kama mtu aliyeinamia jiko. Daktari akaondoa mikono.

"Mzee?"

"Uoga huo," alisema msaidizi. "Wanaume wakubwa ndio waoga wa sindano. Anataka kuzimia. Miguu juu!" Akamshika miguu, akainyanyua.

Hapo ikawa hatari. Anayetaka kuzimia hunyanyuliwa miguu. Mtu wa hali ya Fundi, presha inapopanda hivyo, huketishwa wima haraka, ama sivyo mshipa wa kichwa unaweza kupasuka. Kadi ilisema hivyo, kwa maandishi makubwa, kwenye msumari, nyumbani.

Fundi alipiga mkono wa kiti kwa nyuma ya kiganja. Nusu ya mdomo ilikuwa na ganzi, lakini sauti ilitoka. "Hapana! Shusha miguu! Niketishe!"

Shemeji alimtazama daktari.

"Usimtazame yeye! Mimi ndiye mwenye mwili! Niketishe!"

Shemeji akakiinua kiti kwa mkupuo mmoja. Daktari akafunga kipimo tena. Mia na sabini na tano. Midomo ikampauka.

"Kuna nini, mzee? Nieleze."

"Kuna kitu kinanibana huko chini. Mimi sikisikii, mwili unakisikia. Kitafuteni."

"Kiko wapi?"

"Ningejua wapi, ningekwambia!" Alifumba macho, akapumua, na sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya mezani, ya mtu mwenye redio iliyokufa mbele yake. "Msitafute ovyo. Anzeni na linalotokea mara nyingi. Mpira wa mkojo, je, umejikunja?"

Daktari alipiga magoti, akaufuata mpira hadi kwenye mfuko. "Umenyooka. Unapita vizuri."

"Mkanda wa suruali."

"Nimeulegeza."

"Viatu. Soksi, angalieni mikunjo."

Msaidizi alivua viatu, akazinyoosha soksi. "Hamna kitu, baba. Hamna."

"Basi nimekikalia. Shemeji, pitisha mkono chini yangu. Nyuma, penye mfupa wa nyonga."

Shemeji alipenyeza kiganja kipana kati ya mto wa kiti na suruali, akasogeza, akasita. Mkono ukatoka na kidude cha plastiki cha mviringo, chenye meno meno pembeni. Kilikuwa kimejificha mwisho wa mto, na kiti kilipolazwa, uzito wote wa Fundi ulikishukia.

"Shemeji, hiki ni nini?"

Fundi alikitazama. Baada ya dakika mbili nyundo zilianza kupoa, na baada ya kumi kipimo kikasoma mia na ishirini. Jasho likakauka. Lakini yeye alibaki ameinamisha uso, na haikuwa kwa sababu ya kichwa.

Daktari alikaa kwenye kiti chake kidogo cha kuzunguka, akavua glavu. "Leo tuishie hapa, mzee. Nitakuandikia barua, uende hospitali kubwa."

"Watang'oa."

"Huenda."

"Daktari, redio inaunguruma. Umefungua, umetafuta, umepata waya uliogusana, umeutenganisha. Unaitupa? Unaiwasha tena, unasikiliza."

"Wewe si redio. Na mimi jambo hili sikulijua. Ningekuua kwa kunyanyua miguu." Alisema hivyo bila kujitetea, na tuseme ukweli, madaktari wanaoweza kuitamka sentensi hiyo mbele ya mgonjwa hawajai kiganja. "Kuna mtu anaijua hali hii vizuri? Kuna maandishi yoyote?"

Shemeji alishatoa simu. "Yuko mmoja. Ila leo hana raha." Akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Kaka, mmeshamaliza?" Sauti ya dada yake ilijaa chumba.

Daktari alijitambulisha, akaeleza. Ukasikika mlio wa zipu ya pochi. Mke alisoma kadi mstari kwa mstari, na daktari akaandika kila neno kwenye daftari lake. Alipofika mwisho, mke akauliza, "Nani alimpapasa kabla ya kumlaza?"

Shemeji akaanza kukohoa.

"Kaka! Umenipakia mume kama tofali?"

"Hukuniambia kama anapapaswa!"

"Mmekuta nini?"

Shemeji akamsogezea Fundi simu, akageuka kutazama kabati la kioo kwa makini sana.

"Kidude," alisema Fundi.

"Kidude gani?"

"Cha redio ya mwalimu."

"Kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekikalia."

"Sema tena, mtandao unakatika."

"Mtandao haukatiki, mama watoto. Nilikikalia mimi. Wewe hukukifagia. Nilikuzulia jambo, na nimekukosea."

Msaidizi alivaa miwani, akaivua.

"Tutaongea nyumbani," ilisema simu hatimaye, laini kidogo. "Daktari, mwanangu, kama hatari imepita, usimng'oe jino. Mwambie kaka apapase kila mnapomgusa, na wewe pima presha usichoke. Atakuchosha kwa maswali, mvumilie."

Daktari alifikiri. Alilitazama daftari lake, akamtazama Fundi, akavaa glavu mpya. Wakasubiri hadi presha iliporudi tisini na tano. Shemeji alipapasa juu, chini, kushoto, kulia, kama anayetafuta ufa ukutani, akatangaza, "Hakuna kitu. Hata kwenye mifuko, shemeji, hakuna kitu." Kiti kikalazwa. Kila dakika tano msaidizi alisoma kipimo kwa sauti, kwa uaminifu wa mtu anayelipa kosa lake.

Kazi ilipofika kwenye mzizi, daktari alitoa kisanduku kidogo chenye kioo na nyaya mbili. Mmoja aliuning'iniza kwenye mdomo wa Fundi, wa pili akaugusisha kwenye sindano nyembamba aliyoiteremsha ndani ya jino. Kisanduku kikalia *pi*. Sindano ikashuka. *Pi, pi.* Ikashuka zaidi. *Pipipipi.*

Macho ya Fundi yalitoka. Alinyoosha mkono mmoja juu kama mwanafunzi.

"Subiri," alisema daktari, akaondoa sindano. "Uliza."

"Hicho kinapima umeme kati ya mdomo na ncha ya mzizi! Ukikaribia mwisho, umeme unapita kwa urahisi, ndipo kinalia!"

Daktari alimtazama muda mrefu. "Nilisoma hilo kwa wiki nzima chuoni."

"Nikifungue kidogo?"

"Hapana."

"Kifuniko tu."

"Mzee, fumbua mdomo, unyamaze."

Saa mbili baadaye jino lilikuwa safi, limezibwa, kofia yake ingewekwa wiki ya tatu. Ndipo daktari akataja sharti lake: hakuna waya tena kwenye jino lile, wala lingine lolote, wala risasi kinywani, maisha yote.

"Sasa umeniponyesha koleo ili nisilitumie?"

"Nimekuponyesha jino. Koleo utengeneze. Wewe si fundi?"

Alikuwa amekwisha kukubali, na neno lake lilikuwa neno. Shemeji alimsukuma nyumbani. Mkewe alisimama juu ya mteremko wa saruji, mikono kiunoni, ufagio haupo. Fundi alikuwa na kidude kwenye kiganja kilichofunguka, akakinyoosha kwake. Hakukichukua. Kwanza aliinama, akapitisha mkono chini yake na nyuma yake.

"Hakuna kitu," alisema.

"Angalia tena," alisema Fundi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuliomba hilo.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya majaribio. Alimwelekeza shemeji akate kipande cha msumeno wa chuma, akitoboe mfereji mwembamba, akifunge kwenye jiliwa, kibanio cha chuma, mezani. Waya ulipitishwa mferejini, ukavutwa kwa kifundo cha mkono. Nyaya tisa za kwanza zilikatika. Wa kumi ulimenyeka, lakini kwa mikwaruzo. Risasi aliitundika kwenye antena ya redio mbovu, akaipinda kufika mbele ya pasi. Kazi iliyokuwa ya dakika moja ikawa ya nne. Wateja waliokuja kutazama jino waliondoka wamenuna.

Siku ya nane, redio ya mwalimu ilikuwa mezani, imebaki waya mmoja. Fundi alikuwa na haraka. Mkono ukauinua waya ukaufikisha mdomoni, midomo ikafunguka yenyewe, kwa mazoea.

Mkewe alikuwa mlangoni na ndoo. Aliutazama ule waya.

Fundi alibaki hivyo kidogo, waya kwenye ncha ya ulimi. Kisha akauteremsha, akauingiza mferejini, akavuta polepole. Ganda likatoka zima.

"Njoo uone," alimwita. "Hauna mkwaruzo."

Mkewe aliweka ndoo chini, akaja kutazama. Na alipokuwa pale karibu, akapapasa.

"Skrubu moja," alisema, akaiweka mezani.